Tunaunda magari au tunayaunganisha?

Mtu anayesimama asubuhi kwenye mzunguko wa Karen, pale Barabara ya Lang'ata inapokutana na Barabara ya Ngong, hupata kuisoma historia ya viwanda vyetu vya magari bila ya kufungua kitabu. Hapo hupita magari madogo kwa mamia, mengi yao yaliyotumiwa kwanza Japani kisha yakaletwa kwetu kwa meli, na baadhi yao bado yana kijikaratasi chenye maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha mbele. Hupita matatu za Ngong, ambazo nyingi injini na chesi zake ni za Isuzu zilizounganishwa Nairobi, na bodi zake zimechomelewa na mafundi wa humu humu nchini. Mimi hungoja matatu hapo siku nne kwa juma ili kwenda kufundisha. Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, macho yangu huangalia magari lakini masikio husikiliza maneno.

Ni neno moja lililonisukuma kushika kalamu. Kila kiwanda chetu cha magari kinapopanuliwa ili kipokee modeli mpya, viongozi hukusanyika, utepe hukatwa, na hotuba hutolewa kwamba sasa Kenya "inatengeneza" magari yake yenyewe. Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ni picha gani inayowajia akilini wasikiapo maneno "kutengeneza gari". Karibu wote walimwona mtu aliyelala chini ya gari bovu, miguu imetokeza nje, spana mkononi. Hawakukosea. Katika Kiswahili chetu, kutengeneza ni kufanya kitu ambacho hakikuwapo, na pia ni kukirekebisha kile kilichoharibika. Neno hilo ni pana mno, na upana wake umewafaa sana waandishi wa hotuba.

Lugha yetu haikosi maneno yaliyo wazi zaidi. Tunalo kuunda na tunalo kuunganisha. Anayeunda huleta kitu ambacho hakikuwapo kabla yake: waundaji wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, huanza na magogo na kuishia na chombo. Kuunganisha ni mbali na hayo. Mwalimu wa sarufi ataona mara moja kwamba limetokana na kuunga, likapita katika kuungana, likafikia kuunganisha, yaani kuvifanya vitu vikutane. Vitu hivyo lazima viwe vimekwisha kuwapo. Hakuna aibu katika kazi hiyo, na maelfu ya familia zimelishwa nayo. Aibu, ikiwa ipo, ni kuipa jina la kazi nyingine.

Tazama hata majina ya viwanda vyenyewe. Kile cha Thika, kilichoanza katika miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya, baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, yaani watengenezaji wa magari. Kile cha Mombasa cha miaka hiyo hiyo kilijiita Associated Vehicle Assemblers, yaani waunganishaji. Kazi yao ilikuwa moja: kupokea makasha ya vipande kutoka ng'ambo na kuvifanya gari. Wa Mombasa walisema kweli, na wa Thika walitamka matumaini. Kiwanda cha tatu, General Motors Kenya cha Nairobi, kilianzishwa mwaka 1975 kwa ubia na serikali. Mwaka 2017 Isuzu ilinunua hisa za General Motors na kikaitwa Isuzu East Africa, jina lisilosema lolote kuhusu kutengeneza wala kuunganisha.

Kuna wakati tulithubutu kuunda. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi wa chuo wakashirikiana na karakana za Shirika la Reli na taasisi nyingine, na mwezi wa Februari 1990 magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na ninakumbuka jinsi tulivyochora gari hilo madaftarini, kila mmoja kwa sura aliyoitaka, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumelisikia redioni tu. Magari yaliyoundwa yalikuwa 5. Fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana, na karakana zilizokusudiwa kwa kazi hiyo zikageuzwa kuwa Numerical Machining Complex. Wahenga walisema mtaka unda haneni. Sisi tulinena sana.

Tangu hapo tumerudi kwenye kuunganisha, na modeli huja na kuondoka. Mwezi wa Desemba 2016 Volkswagen ilirejea Thika baada ya karibu miaka 40, ikaanza kuunganisha Polo Vivo ambayo vipande vyake vilitoka katika kiwanda chake cha Uitenhage, Afrika Kusini. Mwaka 2017 Peugeot ikafuata, pale pale Thika. Kampuni ya BasiGo ilianza kuingiza mabasi ya umeme katika barabara za Nairobi mwaka 2022, na mwaka 2024 kazi ya kuyaunganisha ikapelekwa Thika vilevile. Kila mara tuliambiwa kwamba kiwanda kimepanuliwa, na kila mara ilikuwa kweli kwa kiasi fulani.

Lakini kupanua kiwanda kwa ajili ya modeli mpya ni jambo la namna gani? Si sawa na mwenye duka kuongeza rafu. Bodi ya gari huundwa kwa vipande vya bati vinavyochomelewa pamoja, na ili vikae sawasawa, pasiwe na kosa hata la milimita chache, lazima vishikiliwe na kifaa kikubwa cha vyuma kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo tu. Modeli ikibadilika, kifaa hicho hugeuka vyuma vikuukuu. Huenda birika la kuchovyea bodi dhidi ya kutu likawa dogo kwa gari jipya. Mpangilio wa kazi hubadilika, kwa maana aliyekuwa akifunga mlango katika hatua ya sita sasa ataufunga katika hatua ya tisa. Wafanyakazi hufundishwa upya: nati ipi ikazwe kwanza, na kwa nguvu kiasi gani. Hata bodi za mwanzo hubanduliwa makusudi ili kukagua kama zimeshika palipochomelewa.

Gharama ya haya yote haipungui kwa sababu soko ni dogo. Kiwanda kinachotoa magari laki moja ya modeli moja hugawanya gharama hiyo kwa laki moja. Kinachotoa mia tatu huigawanya kwa mia tatu. Ndiyo sababu kiwanda chenye modeli nyingi na magari machache ya kila moja huvutwa kuelekea njia ya mkato, yaani kuletewa bodi iliyokwisha kuchomelewa na kupakwa rangi, ili yeye afunge injini, viti na magurudumu. Kwa hiyo msomaji asistaajabu akisikia kwamba kiwanda kimeongeza modeli ilhali ufundi unaofanyika ndani yake umepungua. Na soko letu ni dogo kwa sababu inayojulikana: mwananchi wa kawaida hununua gari la mtumba, ambalo sheria ya Kenya hulikubali maadamu halijapita umri wa miaka 8. Sitamlaumu. Mimi mwenyewe nilipomudu gari, nilinunua la namna hiyo, na siku lililokataa kuwaka ndipo nilipohamia matatu.

Gari hilo ndilo lililonikutanisha na kijana ninayetaka kumzungumzia. Ana kibanda chake kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, na kazi yake ni bodi: hunyoosha zilizobonyea na kuchomelea zilizokatika. Alimaliza kidato cha nne, akakosa karo ya chuo, akafunzwa kazi na mjomba wake. Nilimkuta siku moja akitengeneza milango ya matatu mbili zinazofanana. Alikuwa amejiundia kifaa cha vyuma cha kushikilia vipande vya mlango ili mlango wa pili utoke sawa na wa kwanza. Nilipomwuliza kinaitwaje akasema ni "fremu" tu. Mhandisi wa kiwandani angeitambua kazi ya kifaa hicho kwa kukitupia jicho mara moja. Tofauti ni ukubwa na bei.

Kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa kikiongeza njia ya kuunganishia modeli mpya, kikatangaza nafasi za wachomeleaji. Kijana akaenda. Mtihani ulikuwa wa sehemu mbili, wa maandishi na wa mikono, na aliyeshindwa wa kwanza hakufika wa pili. Wa maandishi ulikuwa wa Kiingereza, na mojawapo ya maswali lilitaka aeleze maana na matumizi ya kifaa kile kile alichokuwa amekiacha kibandani asubuhi hiyo. Hakulitambua jina.

"Mwalimu," aliniambia, "waliniuliza habari za kitu nilichokiunda kwa mikono yangu, nikakaa kimya kama bubu."

Nilimwuliza kama angejua kukieleza kwa Kiswahili. Akanijibu kwa kunionyesha kwa mikono, kisha akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa safi kuliko mengi ninayosahihisha katika karatasi za wanafunzi wangu. Hakuwa amekosa ujuzi wala lugha. Alichokosa ni lugha moja maalumu, nayo ndiyo iliyowekwa mlangoni.

Najua jibu nitakalopewa. Mfanyakazi asiyeweza kusoma maagizo ya kazi ni hatari. Atakaza nati visivyo na mtu afe barabarani. Ni kweli tupu, na nisingependa kupanda basi lililofungwa breki na mtu wa kubahatisha. Lakini hebu tuitazame karatasi yenyewe ya maagizo. Ikiwa gari ni la Kijapani, maagizo yake kwa kawaida yaliandikwa kwanza kwa Kijapani. Ikiwa ni la Kijerumani, kwa Kijerumani. Ikiwa basi ni la Kichina, kwa Kichina. Yanapofikia Thika au Nairobi yamekwisha kutafsiriwa, na kuna mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Ama kweli, hatubishani kuhusu kama maagizo yatafsiriwe. Yanatafsiriwa kila siku. Tunabishana kuhusu mahali tafsiri inapokomea, nayo inakoma hatua moja kabla ya kumfikia mtu ashikaye spana, ambaye huzungumza Kiswahili na mwenzake tangu asubuhi hadi king'ora cha jioni.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Hapo ndipo ninaposhindwa kuwa mpole. Lugha hii ilizaliwa pwani, miongoni mwa watu waliounda vyombo vya baharini, na istilahi za kazi hiyo ni nyingi mno: mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa chombo, mataruma, ambayo ni mbavu zake, omo na tezi, mbele na nyuma, kukalafati, ambako ni kuziba nyufa za mbao. Reli ilipojengwa, watu hawakuketi kusubiri kamati. Mataruma yakashuka kutoka jahazini yakalazwa chini ya vyuma vya reli, na hadi leo kamusi zinayo kwa maana hiyo. Gari lilipokuja, usukani uliokuwa nyuma ya chombo majini ukaingia mikononi mwa dereva. Abiria wa jahazi akawa abiria wa basi. Lugha iliyoweza kuhamisha usukani kutoka baharini hadi barabarani haishindwi kulipatia jina birika la rangi.

Hao Wajapani tunaowaiga hawakufanya vingine. Moja ya maneno maarufu ya viwanda vyao ni kanban, linalotumiwa kwa kadi inayosafiri na vipande vya gari ili kila kituo kijue kilichopungukiwa na nini. Watu hulitamka katika semina kama kwamba ni siri ya sayansi. Katika Kijapani cha kawaida, kanban ni ubao wa jina la duka. Waliokuwa wakijenga mfumo mpya wa kazi walichukua neno la sokoni wakalipa kazi kiwandani, nasi tumelipokea likiwa limevaa suti. Kaizen nalo ni neno la kawaida la kuboresha. Mafundi wetu wa jua kali hufanya vivyo hivyo, ila hakuna anayewaandalia semina.

Muhula uliopita niliwatuma wanafunzi wa mwaka wa tatu waende gereji za Barabara ya Ngong, za Kawangware na za Eneo la Viwanda, wakiwa na daftari, wasikilize tu. Walirudi na mengi niliyoyatarajia: gia, klachi, shokabu, bampa, injini "iliyonoki". Hayo ni ya mkopo na hayana ubaya, kwani kila lugha hukopa. Walirudi pia na mambo ambayo sikuyatarajia. Mafundi wa bodi hutofautisha kuchomelea na kushikiza. Kushikiza ni kugusisha moto sehemu mbili tatu tu ili kipande kisianguke, kabla ya kuchomelea kwa ukamilifu. Hilo ni neno la fundi cherehani, ashikizaye nguo kwa nyuzi za muda kabla ya kuishona. Kadhalika hupiga msasa kabla ya rangi, na wachache kati yao walijua kwamba msasa ni mti ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumiwa na maseremala wa zamani kulainisha mbao. Hapo mna hatua mbili za kazi ya kiwandani, zenye majina yanayoeleweka na kila mtu, na sijaziona katika kitabu chochote cha shule.

Sitaki msomaji adhani kwamba nauza dawa ya kila ugonjwa. Jirani zetu wa Tanzania, ambao hawana haja ya kufundishwa mapenzi ya Kiswahili, walikuwa na lori la Nyumbu, lililoundwa Kibaha chini ya jeshi lao. Lilikuwa na jina la Kiswahili na mafundi wa Kiswahili. Halikuenea barabarani, kwa sababu zinazofanana na zile zilizoliua Nyayo Pioneer: mtaji na soko. Istilahi hazinunui mashine. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya istilahi za ufundi, Kiingereza kwa Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haikuleta kiwanda hata kimoja, wala haikudai kwamba italeta.

Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nadhani kina nguvu zaidi kwa udogo wake. Modeli ikiondoka, hubeba vifaa vyake na maagizo yake. Mombasa iliunganisha Peugeot 504 kwa miaka mingi, gari lililobeba nusu ya safari za nchi hii wakati wazazi wetu walipokuwa vijana. Uunganishaji ule ulipokoma, mabaki yake yalikuwa katika vichwa na vinywa vya mafundi, si katika maktaba. Wale wakistaafu, kiwanda kinachoita modeli mpya huanza tena kufundisha tangu alifu, kwa lugha ya kigeni, na kwa gharama tunayolipia katika bei ya gari. Kama maagizo ya 504 yangeandikwa kwa Kiswahili, na maneno yake yakafundishwa, aliyeunganisha 504 angemrithisha mwanawe njia ya kuliendea gari jingine. Hilo ndilo ambalo mjomba wa yule kijana alifanya kwa mdomo, kibandani, bila ya msaada wa mtu yeyote.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Serikali huwapa waunganishaji nafuu ya kodi juu ya vipande wanavyoleta, na nafuu huwa na masharti. Sharti mojawapo lingeweza kuwa kwamba kila modeli mpya ije na maagizo ya kazi kwa lugha zote mbili, na mtihani wa kuajiri wachomeleaji uwe na karatasi ya Kiswahili kwa atakayeichagua. Gharama yake, ukilinganisha na kifaa kimoja tu cha kushikilia bodi, ni ya kucheka.

Na walimu wenzangu wasingojee sharti hilo. Katika shule za sekondari msingi sasa kuna somo la stadi za awali za ufundi, nalo hufundishwa kwa Kiingereza, huku mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyo hiyo akihangaika kupata mada za insha. Hao wawili wakutane katika chumba cha walimu. Wawatume watoto kwenye gereji iliyo karibu na lango la shule wakaandike hatua za kazi moja tu, kama kuziba pancha, kwa maneno ya fundi mwenyewe, kisha karatasi zirudi kwa fundi azisahihishe. Sisi wa vyuo vikuu tutazikusanya na kuzilinganisha, maana fundi wa Kisumu na wa Malindi huenda wasikubaliane, na mahali wasipokubaliana ndipo penye kazi yetu.

Daftari za wanafunzi wangu nimezipeleka kwa yule kijana wa Dagoretti Corner. Amekwisha kufuta maneno manne ambayo alisema hakuna fundi ayatumiaye, na moja ya hayo lilikuwa langu. Jumamosi hii nitarudi kuchukua daftari ya pili.